Leo juu ya daraja la Bosphorus

Asubuhi ya leo basi letu lilikwama kwenye foleni juu ya daraja la Bosphorus, Istanbul, lile ambalo tangu 2016 linaitwa Daraja la Mashahidi wa 15 Julai.

Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu alinieleza kwamba usiku ule wa 15 Julai 2016, wa jaribio la mapinduzi la sehemu ya jeshi, alisikia ndege za kivita zikipita juu ya paa lake huku misikiti ikiwaita watu watoke barabarani, naye akatoka, ingawa hakuwa ameipigia kura serikali iliyokuwa madarakani.

"Nilitoka kwa ajili ya kura, si kwa ajili ya mtu," alisema.

Alipokuwa akisema hivyo alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka.

Niliwaza yaliyofuata: hali ya hatari ya miaka 2, watumishi wa umma zaidi ya 100,000 waliofukuzwa kazi, kisha kura ya maoni ya 2017 iliyompa rais madaraka makubwa. Ibara ya 2 ya katiba bado inaitaja Uturuki kuwa dola ya kidemokrasia isiyofungamana na dini, nami naumia nikifikiri kwamba ibara hiyo imebaki bila mlinzi imara, kwa kuwa jeshi, ambalo kwa miaka mingi lilijiona kuwa mlinzi wake, halikustahili kamwe kazi hiyo, na mahakama zimedhoofika.

Ndugu zangu, mnaionaje kesho ya nchi hii?