Dagaa mwenye tumbo lililofura

Ukinunua dagaa wabichi soko la Kirumba, Mwanza, mwenye tumbo lililofura mpasue. Mara nyingi utakuta mnyoo mweupe, bapa kama utepe, pengine mrefu kuliko dagaa mwenyewe. Huyo ni Ligula, aina ya tegu. Hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, kama mnandi. Mtoe, osha, pika.

Wa kuogopwa zaidi ni wale minyoo wa mviringo kwenye sato na kambare, waliojikunja tumboni na karibu na moyo. Toa matumbo mapema, maana samaki akikaa wanaweza kuhamia kwenye minofu. Jamani, ndimu haiwaui! Pika samaki hadi katikati afike nyuzi 63 za Selsiasi na nyama iachie mfupa. Kugandisha kunahitaji nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7.