Jinsi ninavyojaza meza za mgahawa wangu bila kushusha bei

Nina mgahawa mdogo Sinza, Dar es Salaam, chakula cha mchana cha kawaida tu, wali, ugali, kuku, samaki, mboga za majani. Watu wananiuliza sana promosheni zako unafanyaje mbona wateja wapo hata tarehe 20 huko mwezi ukiwa kona, basi leo ngoja nieleze mara moja.

Kwanza kabisa bei ya sahani siigusi. Wali kuku nauza 5,000, ukichukua mchele, kuku, mafuta, gesi na viungo inaondoka kama 3,000, inabaki 2,000 na hapo kodi ya fremu na mishahara bado. Nikisema ofa 4,000 inabaki 1,000, yaani niuze sahani mara mbili ili nirudi palepale nilipokuwa, na mpishi ni yuleyule, masufuria yaleyale. Jirani yangu alifanya nusu bei wiki nzima, foleni ilikuwepo kweli, akachoka yeye na wasichana wake wa jikoni, wiki ilivyoisha na foleni ikaisha, af wateja wake wa siku zote wakaanza kumuuliza kwa nini leo tunalipa 5,000 wakati juzi ilikuwa 2,500.

Mimi naongeza kitu. Glasi ya juisi ya ukwaju inanigharimu kama 250, ukwaju, sukari, maji na barafu, kwenye menyu ni 1,000. Nikitoa wali kuku na ukwaju kwa 5,000 ileile mteja anaona kapata cha 1,000 bure, mimi imenitoka 250. Na sitoi kila siku, ni Jumatatu na Jumanne tu kuanzia saa nane na nusu, maana saa saba meza zinajaa zenyewe, sasa ofa ya nini wakati mtu anakosa hata pa kukaa?

Kutangaza natumia stetasi ya WhatsApp, na naweka saa nne na nusu hivi, hapo ndo watu maofisini wanaanza kuulizana leo tunakula nini, ukiweka saa saba washaagiza kwingine. Picha napiga mwenyewe karibu na dirisha, sahani ileile ninayouza, sio picha za kuokota Google kuku mzima kapambwa majani juu, af mteja akija anakuta paja moja anaona katapeliwa. Na bei andikeni jamani, haya mambo ya "bei njoo DM" kwenye sahani ya wali sijui tuliyatoa wapi. Chini naandika "ukifika kaunta sema ukwaju". Anayesema ukwaju najua katoka kwenye stetasi, binti wa kaunta anachora mstari kwenye daftari, jioni tunahesabu mistari na kuangalia hela, tangazo lisiloleta mistari nalibadilisha.

Ila iliyonilipa kuliko zote haina hata mambo ya simu janja. Kila ofisi ina mtu mmoja anayekusanya oda, mara nyingi dada wa mapokezi au yule kijana wa kutumwatumwa, anapita meza kwa meza na kikaratasi wewe nini wewe nini, na akisema leo tunaagiza kwa fulani hamna anayebisha. Nikawafuata hao. Nilibeba menyu ya ukurasa mmoja na kontena la pilau la kuonja, nikamwambia mmoja wao, dada yangu, oda zikifika sahani sita nakuletea na bodaboda bure, na ya saba ni ya kwako hulipi. Akaniangalia kwanza.

"Yangu na kuku?"

"Na kuku, dada."

Tangu hapo ananipigia mwenyewe saa tano. Hesabu yake, sahani sita faida 12,000, toa 3,000 ya sahani yake, toa boda 2,000, toa makontena saba ya 200, inabaki 5,600 na hakuna aliyenikalia meza saa ya msongamano. Zikifika kumi na mbili boda ni ileile.

Kadi za kugonga muhuri pia ninazo, zile mteja anagongewa kila akinunua, ikijaa anapata cha bure. Mdogo wangu anasoma biashara chuoni, akanieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, sehemu ya kuosha magari waligawa kadi za aina mbili, moja nafasi 8 tupu, nyingine nafasi 10 ila mbili zimeshagongwa. Kazi ni ileile, kuosha mara 8, lakini za kwanza zilijazwa asilimia 19 tu na za pili asilimia 34, mtu akijiona kashaanza safari hataki kuiacha. Basi zangu zina nafasi 12 na mbili namgongea mteja mbele ya macho yake siku ninayompa. Muhuri chongesha wa alama yako, ile ya dukani kila mtu anaweza kununua akajigongea mpaka ukome.

Ijumaa sina ofa yoyote. Ni siku ya pilau, saa nane sufuria liko tupu, mtu akiniuliza juisi ya bure iko wapi namwambia kaka yangu njoo Jumatatu saa nane na nusu, na wengine wanakuja kweli.