Punda wa soksi kwenye boti ya Mokowe

Kona ya maigizo katika madarasa mengi ya chekechea ina jiko la plastiki, sahani mbili na mwanasesere wa dukani. Si vibaya. Lakini mtoto wa Lamu ambaye kila siku anaona watu wakipanda boti ya Mokowe, kijiji cha ng'ambo upande wa bara, ana mengi zaidi ya kuigiza kuliko jiko hilo. Igeuze kona iwe jeti, yaani gati la boti. Mabenchi mawili yanayotazamana ni boti, leso chakavu ni turubai la mizigo, vipande vya karatasi ni tiketi, maboksi matatu na kikapu cha ukili ni mizigo ya abiria. Kofia za nahodha ziwe mbili. Ugomvi mwingi wa kona hutokana na kitu kimoja kinachotakiwa na wote.

Usijaze kona vitu vinavyofanana mno na vya kweli. Kifuu kitakuwa usukani leo na simu kesho, lakini simu ya plastiki itabaki simu. Mwanasaikolojia Vygotsky alilieleza jambo hili mwaka 1933 kwa mfano wa fimbo inayokuwa farasi: mtoto anajifunza kutenganisha maana na kitu chenyewe.

Watoto watano kwa zamu wanatosha, na wapewe dakika 30 hadi 40. Ukiwapa 15, kengele italia wakiwa bado wanabishana nani nahodha, nani mkata tiketi, halafu tutasema hawajui kucheza.

Mwalimu akiingia, aingie kama abiria. "Nahodha, bahari imechafuka, tutavuka kweli?" inaendeleza mchezo. "Maboksi haya ni mangapi?" inauua, kwa sababu watoto wanajua jibu unalo tayari, na boti imeshageuka mtihani.

Sasa punda, kikaragosi cha soksi cha kuvaa mkononi, maana mizigo ikifika jeti lazima apatikane wa kuibeba. Chukua soksi ndefu ya mtu mzima. Ilaze, kata mshono wa vidoleni, kisha endelea kukata sm 6 kila upande. Utapata midomo miwili, wa juu na wa chini. Kata kitambaa chekundu umbo la yai, urefu sm 12 na upana sm 9, ukishone kwenye ukingo wa mdomo soksi ikiwa imegeuzwa ndani nje. Kwa nyuma ya kitambaa weka kigumu cha kushika umbo. Wengi hutumia kadibodi, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwani ukiifua mara moja tu inakuwa uji. Kata plastiki ya dumu la mafuta ya kupikia, ndogo kidogo kuliko kitambaa, viringisha pembe zake, ikwaruze katikati kwa mgongo wa kisu ili ikunjike, kisha ishonee mfuko wa kitambaa chepesi. Masikio yawe ya kitambaa mara mbili, la sivyo yatalala na punda atafanana na mbuzi. Macho yadarizi kwa uzi mweusi. Kifungo hung'oka, na kwenye darasa lenye watoto wa chini ya miaka mitatu kinaweza kumkaba mtoto.

Kumchezesha kuna kosa moja kubwa: mdomo kufungwa pale sauti inapotoka. Dole gumba lishuke kwa kila silabi. "Ka-ri-bu" ni mara tatu. Wewe mtazame punda, usiwatazame watoto. Watafuata macho yako, na sauti yako haitawashughulisha tena.

Usimsukume usoni mwa mtoto. Mlaze kikapuni chini ya leso, aamke polepole, aone haya. Mtoto anayeogopa aachwe mbali; atakuja mwenyewe.

Punda akifika mikononi mwa watoto, ataanza kuuma. Ni kawaida, mdomo unaofunguka unaalika kuuma. Kukemea hakusaidii sana, mpe punda shida: amechoka, mzigo mzito, hataki kutembea. Watoto wataanza kumbembeleza. Hapo mtoto mkimya asiyejibu swali lolote la mwalimu huweza kusema mengi kwa niaba ya punda, na msimkatize kumsahihisha.

Soksi ya mtu mzima humvuka mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, kwa hiyo vikaragosi vyao vishoneni kwa soksi za watoto. Vya kijiti navyo vinafaa, ila tumieni vijiti bapa vya aiskrimu. Chelewa, zile njiti za makuti, zina ncha, na macho ya watoto yapo karibu.

Wazazi wengine Waislamu watauliza kama kikaragosi si sanamu iliyokatazwa. Waelezeni mapema, na ustadhi wa madrasa ashirikishwe. Hadithi ya Bi Aisha, mke wa Mtume, aliyeachwa acheze na wanasesere wake, inajulikana.

Unyevu wa pwani huleta kuvu haraka. Fueni kila mwisho wa wiki kwa sabuni, mtie punda chupa tupu ndani ili akauke bila kujikunja, aanikwe juani, na msimrudishe kikapuni kama mshono wa mdomo bado una maji.