Fantasia ya Kiswahili ipo, ilitoka Ukerewe

Kila nikikaa na vijana wanaoandika hapa Mwanza nasikia kilio kile kile, eti Kiswahili hakina fantasia, yaani hadithi za dunia za ajabu, wala hadithi za sayansi, lazima tuige za Wazungu. Jamani! Vukeni hapo ziwani tu mfike Ukerewe, kijiji cha Namagondo, ndo alikozaliwa mwandishi Euphrase Kezilahabi mwaka 1944.

Wengi wanamjua kwa riwaya ya Rosa Mistika ya 1971, ile iliyopigwa marufuku mashuleni, na wapenzi wa mashairi wanaijua diwani yake ya Kichomi ya 1974, yenye mashairi huru, ilivyozua ugomvi na washairi wanaoshikilia vina na mizani. Kasoma seminari Nyegezi, kaenda chuo kikuu Dar, kafundisha, baadae akaenda Wisconsin kule Marekani akapata udaktari 1985. Sawa, hayo yanajulikana.

Mimi kinachonishika ni alichokiandika baada ya hapo, maana huyu ni mtu aliyekuwa anaandika maisha ya kijijini na mjini kama tunavyoyaona, hadi riwaya ya Gamba la Nyoka ya 1979 yenye mambo ya ujamaa, halafu anakuja na riwaya mbili, Nagona 1990 na Mzingile 1991, vitabu vyembamba kabisa, na ndani yake dunia yote tunayoijua haipo tena. Kwenye Nagona msimuliaji yuko safarini peke yake anakutana na kina Plato, Darwin na Nietzsche, wanafalsafa na wanasayansi wa Ulaya waliokufa zamani. Kwenye Mzingile mtu anaenda kumpa mzee mmoja taarifa kwamba mwanae amefariki, na ukisoma unaelewa huyo mzee ni wa namna gani, halafu dunia inateketea na maisha inabidi yaanze upya. Hiyo sio fantasia? Hiyo sio dunia baada ya kiama?

Wachambuzi wanapenda kuanza na falsafa, na kweli falsafa imo, hata tasnifu yake ya udaktari ilihusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi. Ila mimi nikisoma nasikia kwanza hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu huku kanda ya ziwa, mtu anatembea porini anakutana na kizee, wafu wanaongea, mnyama anajibu, na hakuna anayeshtuka wala msimuliaji hasimami kukueleza imekuwaje. Hapo ndo ufundi wenyewe ulipo na ndo maana nawasisitizia vijana, ukianza kuelezea kila ajabu unaiua, Kezilahabi anakuingiza tu na wewe unatembea nae.

Baadae alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana miaka mingi, akafariki Januari 2020, na naumia sana kwamba hata wanaoandika fantasia leo hawamtaji kama mtangulizi wao. Ukivipata vitabu hivyo viwili, anza na Nagona ndo uende Mzingile maana safari inaendelea humo humo, na soma kwa sauti, usikimbilie kuuliza hiki kinawakilisha nini, maliza kwanza.