Ukibanwa ubavuni, usisukume kifua

Wanaoingia jujitsu ya Kibrazili hapa Kampala wakitokea kwenye ekigwo, mieleka ya jadi ya Uganda, huwa na miguu imara na mshiko wa kutisha, ila wakilazwa chali wanakuwa wageni kabisa. Haishangazi. Kwenye ekigwo ukishaangushwa umeshindwa, mnasimama. Kwenye jujitsu kazi ndiyo kwanza inaanza, na kwenye judo saa inakimbia: kwa kanuni za tangu 2025, kubanwa chali sekunde 5 ni yuko (alama ndogo), 10 ni waza-ari (nusu ya ushindi), 20 ni ippon (ushindi kamili) na pambano limekwisha.

Kosa la wengi ni kunyoosha mikono na kusukuma kifua cha aliye juu. Mikono miwili haiwezi kubishana na mwili mzima uliokulalia, inachoka upesi. Tena mkono ulionyooka ni zawadi: anaupitishia mguu, anaegemea nyuma, kiwiko kinalia.

Tuseme amekulalia kutoka upande wako wa kulia, kifua juu ya kifua. Mkono wake wa kushoto uko chini ya shingo yako, na bega lake linasukuma taya lako ili uso utazame kushoto. Watu hulalamikia uzito wa kifua, kumbe tatizo kubwa ni hilo bega. Uso ukiwa kushoto, nyonga hazigeuki kulia, na kulia ndiko unakotaka kugeukia. Basi anza hapo. Ingiza kigasha cha mkono wa kushoto chini ya kidevu chake, kilale shingoni. Kigasha cha kulia kiweke kwenye mfupa wa nyonga yake, kiwiko kikigusa ubavu wako. Mikono ibaki imekunjwa. Hizo ni nguzo: kazi yazo ni kushikilia nafasi isizibwe tena. Nafasi yenyewe huletwa na nyonga zako.

Vuta visigino karibu na makalio, kisha inua nyonga kwa mshindo ukimwelekea yeye, si juu wima. Ukiinuka wima unambeba tu, kisha anashuka nawe. Unaposhuka, usirudi pale ulipokuwa: sukuma sakafu kwa mguu wa kushoto, lalia ubavu wa kulia, rudisha nyonga nyuma, mbali naye. Papo hapo goti la kulia lipite kati yenu mpaka likutane na kiwiko chako cha kulia. Goti na kiwiko vikikutana, njia ya kukurudia imefungwa, na muundi wako unaweza kukaa tumboni mwake huku mguu wa pili ukizunguka. Mara ya kwanza huenda ukapata upana wa kiganja tu. Usiondoe nguzo. Inua tena, rudi nyuma tena.

Wakati mzuri ni kabla hajatulia, au anapobadilisha mshiko, au anapoinua goti ili akupande. Hapo uzito wake uko njiani. Akiwa ametulia tuli, linda viwiko, toa pumzi fupi fupi kila anapogandamiza, ngoja ahame. Atahama, hakuna anayeshinda kwa kulala tu, isipokuwa kwenye judo.

Kigasha kikishindwa kufika shingoni, pitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa lake la kulia, geuka umkabili, piga magoti na ushike mguu wake wa karibu. Kichwa kigande kwenye mbavu zake. Ukikiacha kinaning'inia chini, atakukaba shingo.

Kesa-gatame, mbano wa judo, ni jambo lingine, maana aliye juu amekaa kando yako, amekumbatia kichwa na kuuminya mkono wako wa kulia kwapani. Geuka umwelekee, shusha kiwiko cha mkono ulioshikwa mpaka kiguse mkeka, kisha uvute. Kwenye judo, ukiukamata mguu wake kati ya miguu yako, hesabu inakatika. Asipokuachia mkono, mkumbatie kiunoni, sogeza nyonga zako chini ya zake, inua na umpindue juu ya bega lako la kushoto.

Wazoefu wa mieleka hukimbilia kulala kifudifudi, kwa sababu kwao mabega kugusa chini ndiyo kifo. Kwenye jujitsu kufanya hivyo ni kumkabidhi mgongo: akiingiza miguu yote miwili kati ya mapaja yako kutoka nyuma anapata pointi 4, na mkono wake uko tayari shingoni.

Kuhusu mazoezi. Jimu nyingi huku zina magodoro ya sponji yaliyofunikwa turubai, na likilowa jasho nyayo zinateleza. Futeni kila raundi, na kanyaga kwa vidole, si kisigino, unaposukuma. Sponji laini nayo inameza nyonga, hivyo inuka juu zaidi kuliko kwenye tatami, mkeka mgumu wa judo. Anzeni mmoja akiwa tayari amebanwa, hesabuni sekunde 20, mbadilishane. Aliye juu atumie nusu ya nguvu wiki za mwanzo. Akibana kwa nguvu zote, aliye chini atajifunza kusukuma kifua tu.