Nilivyomtafuta mkesha mwenye madoa katika magofu ya Gede

Ukishuka kwenye matatu ya Mombasa na Malindi pale Gede, ukaziacha bodaboda barabarani, mwendo mfupi tu unakufikisha kwenye mji uliohamwa tangu karne ya 17. Wageni huja kuona msikiti mkuu, jumba la mfalme na lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mimi nilimfuata ndege.

Ni mkesha mwenye madoa, ambaye wataalamu humwita Geokichla guttata, na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hawa wanaofika pwani ya Kenya hutaga kusini mwa Tanzania, kwenye misitu kama Rondo, mkoani Lindi. Kusi likianza kuvuma hupanda kaskazini, wakakaa huku hadi karibu na Novemba. Anataka kivuli kizito na majani makavu tele ardhini. Misitu ya aina hiyo imeliwa na mashamba, mkaa na nyumba. Ya Gede imesalia kwa kuwa magofu yalianza kulindwa kisheria mwaka 1927, miti ikapona pamoja na kuta. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa ya mji ule: watu wake walishaondoka, lakini bado unapokea wasafiri.

Nilikwenda Julai, asubuhi mapema kabla ya makundi ya wanafunzi kuingia. Wengi wakitafuta ndege hupiga sauti yake kwenye simu. Kwa huyu haisaidii, maana akiwa huku si msimu wake wa kutaga, na ni nadra kuimba. Tena ndege aliyetoka mbali hivyo kumhangaisha si uungwana. Mzee mmoja anayetembeza wageni alinielekeza upande wa ukuta wa nje, kusiko na watu.

"Mwanangu, huyu hafukuzwi," akaniambia. "Wewe kaa kitako, mwache aje mwenyewe."

"Haya, baba."

Nikakaa, mgongo nimeuegemeza kwenye mbuyu, nikasikiliza majani. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu msitu mzima unachakacha. Kima wakiangusha matunda, sauti hutoka juu. Mjusi hukurupuka mara moja akanyamaza. Sange, yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu, huenda akichokora kwa pua yake ndefu bila kupumzika, na ukimsikia tu unajua ni mnyama. Kurumbiza naye hupekua majani, akanipandisha moyo bure mpaka nilipoona kifua chake cha rangi ya chungwa. Mbu walikuwa wengi, lakini mkono ukiinuliwa kuwafukuza, kila kitu kinatoweka, kwa hiyo nilivaa mikono mirefu nikavumilia.

Kisha nikasikia mchakacho wa namna nyingine: mara mbili, kimya kirefu, mara moja tena. Sikugeuza kichwa, nilizungusha macho tu. Alikuwa chini ya kichaka, hatua chache kutoka ukutani. Alikimbia kidogo, akasimama wima, akalipindua jani kwa mdomo, akalitupa kando na kuchomoa kitu chembamba. Mgongo wake ulikuwa wa kahawia, na kila bawa lilikuwa na safu mbili za madoa meupe. Kifua cheupe kimetapakaa madoa meusi, na shavuni ana mistari miwili myeusi iliyosimama. Jua lilipopenya nikaiona miguu yake, ya waridi iliyopauka. Mkono wangu ulikuwa kwenye darubini, nao ukabaki pale pale, sikuihitaji.

Alipofika karibu na mzizi aliruka juu ya tawi la chini, akaganda. Hapo hata mwenye macho makali angempita asimwone. Nilingoja ashuke mwenyewe ndipo nikaondoka kwa kuzunguka, nisimkatie njia.

Mzee aliponiona natoka hakuuliza, alinipa mkono tu. Sasa hamu yangu ni kwenda Rondo, Mungu akipenda, mvua zikianza huko kusini, nikamsikie akiimba.