Jinsi Nilivyoufuatilia Mdundo wa Injini Hadi Silinda ya Tatu

Injini ya gari langu la petroli ilipoanza kutoa mlio wa kugonga, mmoja aliniambia ni valvu, mwingine akasema ni petroli mbaya, wa tatu akashauri ninunue injini nyingine. Niliamua kwamba injini haitafunguliwa mpaka nijue mlio unatokea lini, kwa sababu wakati wa mlio hueleza mengi kuliko ukubwa wake.

Nilipima oili kwanza, gari likiwa mahali tambarare, nikaikuta ya kutosha. Kisha niliwasha injini ikiwa baridi kabisa, nikasikiliza. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga wakati wa baridi na kutulia inapopata joto na kutanuka, na moshi unaovuja kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Gari langu lilikwenda kinyume: lilikuwa kimya likiwa baridi, likagonga lilipopata moto. Hapo nikaanza kushuku beringi, yaani vipande vya madini laini ambamo mhimili wa injini huzunguka, maana oili ya moto huwa nyepesi na hushindwa kuziba nafasi iliyoachwa na beringi iliyolika.

Kulikuwa pia na mlio wa pili, mwembamba wa kutetema, uliosikika tu injini ilipofika kasi fulani na kutoweka ilipoipita. Nilisubiri bomba la moshi lipoe, nikaligonga kwa ngumi, na bati la kukingia joto likatetema palepale, kwa kuwa boliti yake ilikuwa imeliwa na kutu. Nililifunga upya, mlio huo ukaisha, ukabaki mdundo peke yake. Nawasihi wenye magari waanze na vitu vya nje namna hii, kwani injini nyingi hulaumiwa kwa makosa ya bati.

Petroli isiyofaa niliiondoa haraka, kwa kuwa mlio wake hujitokeza gari linapovuta mzigo au kupanda mlima, ilhali langu liligonga hata likiwa limesimama. Kuhusu valvu, nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake kwenye kifuniko cha valvu na mpini sikioni, mbali na mikanda na feni. Juu palikuwa shwari. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hivyo mlio wa valvu huja polepole zaidi. Mdundo niliousikia chini, ubavuni mwa injini, ulikuwa mzito na ulikwenda sawasawa na kranki.

Ndipo nikazima injini, nikachomoa koili inayoipa silinda moja cheche, ili silinda hiyo isifanye kazi, pamoja na waya wa injekta inayoinyunyizia petroli, ili petroli isiyoungua isiende kuharibu katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi, nikawasha kwa muda mfupi tu, kisha nikahamia silinda inayofuata. Nilipofika ya tatu, mdundo ulififia waziwazi.

Nilikata chujio la oili na kuikunjua karatasi yake: ndani ya mikunjo mlikuwa na chembe zinazometameta, na sumaku haikuzinyanyua, kama inavyotarajiwa kwa madini ya beringi. Fundi alipofungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, beringi ya konrodi ya tatu, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, ilikuwa imelika mpaka tabaka la shaba likaonekana. Kwa bahati njema, shingo ya kranki, sehemu inayozunguka ndani ya beringi hiyo, ilipimwa kwa maikromita ikakutwa bado duara na laini, kwa hiyo beringi mpya za saizi ya kawaida zilitosha. Kabla ya kurudi barabarani tulifunga geji ya presha mahali pa swichi ya oili, tukaisoma injini ikiwa imepata moto kamili, kwa sababu presha ya injini baridi hupendeza hata pale beringi zinapokuwa zimechoka.